Afya ya jamaa: Dawa nayo ina mkono wa kuume na mkono wa kushoto

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya chupa ya dawa ya kikohozi. Hakuna jamaa isiyoijua. Mvua zikianza, watoto hukohoa usiku kucha, mama hapati usingizi, na asubuhi baba hutoka na franga zake kwenda kutafuta chupa dukani. Je, ndani ya chupa ile mna nini? Wengi wetu hatuulizi. Twatazama picha ya mtoto anayecheka iliyobandikwa juu yake, twapima kijiko, basi.

Mwishoni mwa mwaka 2012, katika nchi ya Pakistani, miji ya Lahore na Gujranwala, makumi ya watu walikufa baada ya kunywa dawa ya kikohozi. Baadhi yao walikuwa wakiinywa kupita kiasi ili walewe, na kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema kwamba wamejitakia wenyewe. Lakini dawa ilipopimwa, ikaonekana kwamba ndani yake mlikuwa na kitu kisichotakiwa kuwamo. Wala hakikuwa kitu kigeni: kilikuwa pacha wa dawa yenyewe. Mwezi wa Januari 2013 Shirika la Afya Duniani likatoa ilani kwa nchi zote. Hata hivyo, kabla mwaka ule haujaisha, ng'ambo ya bahari kuu, katika nchi ya Paraguay, watoto zaidi ya arobaini walilazwa hospitalini wakiwa wanashindwa kuvuta pumzi. Nao walikuwa wamepewa dawa ya kikohozi, kwa kijiko, kama kawaida ya wazazi wote. Malighafi ya dawa hizo ilikuwa imetoka India, katika kiwanda kile kile kilichowauzia watengenezaji wa Pakistani.

Pacha huyo ni nani? Hapa twaomba mtufuate polepole, maana jambo lenyewe si gumu, ila twahitaji kulitazama kwa makini.

Wekeni mikono yenu miwili juu ya meza. Vidole ni vitano huku na vitano huku, urefu ni ule ule, kucha ni zile zile. Mtu akihesabu tu, atasema mikono hii ni sawasawa. Lakini jaribuni kuuvika mkono wa kushoto glavu ya mkono wa kuume, au kuutia mguu wa kushoto katika kiatu cha kuume: havikubali. Mkono mmoja ni sura ya mwenzake katika kioo. Waweza kuugeuza huku na huku, kuupindua juu chini, hautakuwa mwenzake kamwe.

Tena wale wanaokaa karibu na ziwa au mto waokote konokono. Mshike ncha ya ganda ikielekea juu, na mdomo wake ukikutazama. Kwa konokono wengi, mdomo huo utauona upande wa kuume. Lakini konokono mdogo wa majini anayebeba ugonjwa wa kichocho cha mkojo, yule ambaye wataalamu humwita Bulinus, mdomo wake uko upande wa kushoto. Ganda lake limezungushwa kinyume.

Basi, chembe ndogo kabisa za dawa, zile ziitwazo molekuli, nyingi zao ni hivyo hivyo. Zimejengwa kwa atomu za kaboni, haidrojeni, oksijeni na nyinginezo, na mara nyingi atomu zile zile, kwa hesabu ile ile, zaweza kupangwa kwa namna mbili, moja ikiwa sura ya nyingine katika kioo. Uzito wake ni mmoja. Huyeyuka kwa joto lile lile. Ukizitia katika chupa mbili, jicho halizitambui.

Aliyeligundua jambo hili ni Mfaransa Louis Pasteur, yule yule ambaye baadaye alitupatia chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwaka 1848 alikuwa kijana wa miaka 25. Alichunguza chumvi fulani ya asidi inayotokana na divai, akaona kwamba punje zake ndogo zing'aazo zilikuwa za namna mbili: nyingine zilikuwa na pembe iliyokatwa upande wa kuume, nyingine upande wa kushoto. Akachukua kibano, akazitenga moja moja, kama vile mama anavyochambua mchele juu ya ungo. Kisha akaziyeyusha mbali mbali katika maji na kupitisha humo mwanga uliochujwa kwa namna ya pekee. Maji ya kwanza yaliupinda mwanga kuelekea kuume, maji ya pili yaliupinda kuelekea kushoto. Alipoyachanganya sawasawa, mwanga haukupindwa hata kidogo. Miaka mitano baadaye alipata njia nyingine ya kuzitenga asidi hizo mbili, akitumia kitu kilichotokana na kinini. Jambo hilo litawapendeza wasomaji wetu wa Kivu, ambako mti wa kinini umelimwa miaka mingi.

Tangu siku zile wataalamu huzipa pande hizo majina ya Kilatini. Dexter ni kuume, laevus ni kushoto. Ndiyo sababu juu ya chupa nyingi za kikohozi mtakuta jina refu linaloanza na dekstro: dekstromethofani, yaani methofani ya mkono wa kuume. Hiyo hutuliza kikohozi. Pacha wake wa mkono wa kushoto, levomethofani, ni ndugu wa morfini, tena ana nguvu kuipita morfini.

Yawezekanaje, atauliza msomaji, vitu viwili vilivyo sawa hivyo vitofautiane kama maziwa na sumu? Jibu liko katika mwili wetu wenyewe. Mwili nao una mkono wake. Protini zetu zimejengwa kwa matofali ya mkono wa kushoto, na sukari iliyo katika damu yetu ni ya mkono wa kuume. (Kwetu si adabu kumpokeza mzee kitu kwa mkono wa kushoto, tuseme hapa kwamba katika kazi hii mkono wa kushoto hauna aibu yoyote.) Dawa inapofika mahali pake pa kazi, hukuta kama kufuli au kama glavu inayoingojea. Mkono ufaao huingia, na usiofaa hubaki nje. Lakini mkono uliobaki nje ya kufuli hili waweza kwenda kufungua kufuli lingine. Levomethofani hufungua kufuli la morfini katika ubongo. Mtu husinzia, macho yake yakawa na mboni ndogo kama ncha ya sindano, pumzi zikapungua, zikapungua tena, na mwishowe zikakoma. Mtoto mdogo hufika huko upesi kuliko mtu mzima.

Sasa twaelewa hatari ya kiwanda. Katika kuitengeneza dawa hiyo, mikono miwili huzaliwa pamoja, na mmoja sharti utengwe na kuondolewa. Kazi ya kutenga ikifanyika vibaya, unga unaobaki ni mweupe kama kawaida, na uzito wake ni sahihi. Vipimo vingi vya kila siku katika maabara vitausifu kwamba ni safi, kwa sababu vinahesabu atomu na haviulizi mkono. Sharti kipimo cha pekee, ama kile cha mwanga cha Pasteur, ama vyombo vya kisasa vyenye mrija uliopakwa kitu kinachokamata mkono mmoja zaidi ya mwingine. Mwenye kiwanda asiyetaka gharama hiyo anaweza kuiruka, na mnunuzi aliye mbali hatajua. Sisi twaona hilo ni kosa zito kuliko la muuza maziwa anayeongeza maji. Maji hupunguza tu chakula cha mtoto.

Lakini si dawa zote zilizo na hadithi ya kutisha, wala si kila mara mkono wa kuume ndio mwema. Watu wa Beerse, katika Ubelgiji, katika maabara ya mganga Paul Janssen, walileta mwaka 1966 dawa ya minyoo iitwayo tetramisoli. Ilikuwa nusu kwa nusu, kuume na kushoto. Baadaye ikaonekana kwamba mkono wa kushoto ndio unaopooza minyoo; mkono wa kuume karibu haufanyi kitu kwa mnyoo, bali humsumbua mwenye mwili sawasawa na mwenzake. Wakauondoa. Ile iliyobaki ndiyo levamisoli, ambayo nusu ya kipimo chake hufanya kazi ile ile. Kwa hiyo umbali kati ya kipimo kiponyacho na kipimo kidhuru uliongezeka karibu mara mbili. Wafugaji wa kondoo na ng'ombe waijua sana. Hata hivyo, mkono huo uliochaguliwa nao una ila yake: kwa watu wengine, hasa wakiitumia siku nyingi, waweza kupunguza chembe nyeupe za damu zinazotulinda na magonjwa. Kwa watoto wetu siku hizi hutolewa zaidi mebendazoli au albendazoli.

Kwa wagonjwa wa kifua kikuu jambo ni kinyume. Mojawapo ya dawa wanazopewa katika miezi miwili ya kwanza ni ethambutoli. Mkono wake wa kuume hushambulia vijidudu vya kifua kikuu mara zaidi ya mia kuliko mkono wake wa kushoto. Lakini mikono yote miwili yaweza kudhuru mshipa wa jicho. Je, kwa nini kumbebesha mgonjwa mkono usiofanya kazi ila kuharibu tu? Kwa hiyo hupewa ule wa kuume peke yake. Hatari ya macho imepungua, haikwisha. Mgonjwa akiona kwamba hawezi tena kupambanua rangi nyekundu na kijani, au kwamba macho yameingia ukungu, asijiachishe dawa zote kwa shauri lake mwenyewe, bali aende siku ile ile kumwambia muuguzi.

Na kichocho? Dawa yake, prazikwanteli, ni kidonge kikubwa, kichungu mno. Mama aliyewahi kumpa mtoto kidonge hicho ajua vita vyake: mtoto hukitema, hupewa tena, hutapika. Hapa pia dawa ni nusu kwa nusu. Mkono mmoja unaua minyoo ya kichocho. Mwingine hauui chochote, na ndio wenye sehemu kubwa ya uchungu ule. Kwa miaka mingi, basi, watoto wa Afrika wamemeza nusu ya kidonge isiyo na faida, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya waiteme ile nusu yenye faida. Sababu ilikuwa bei: kutenga kunagharimu, na kichocho ni ugonjwa wa maskini. Wataalamu wa nchi mbalimbali wakashirikiana, wakatengeneza kidonge kidogo cha mkono mmoja, kinachoyeyuka katika maji, kwa ajili ya watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, nao wakakijaribu katika Kenya na Côte d'Ivoire. Mwezi wa Desemba 2023 shirika la Ulaya linalochunguza dawa lilikikubali, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likakitia katika orodha ya dawa zilizohakikishwa. Wazazi wanaokaa penye kichocho wana haki ya kuuliza katika kituo chao cha afya kama kimekwisha kufika.

Twafika sasa kwenye jambo ambalo husimuliwa vibaya mara kwa mara, nasi twataka kulisimulia sawasawa. Mwaka 1957, katika Ujerumani ya Magharibi, dawa ya usingizi iitwayo thalidomidi ilianza kuuzwa kwa jina la Contergan. Huko Ubelgiji iliitwa Softenon. Ilisifiwa kwamba haina madhara, na akina mama wajawazito waliinywa ili kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Mwishoni mwa mwaka 1961, baada ya mganga Widukind Lenz wa Hamburg kupaza sauti, iliondolewa. Katika dunia nzima watoto zaidi ya elfu kumi walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila mikono kabisa, na wengi walikufa wachanga. Marekani iliponyoka kwa sehemu kubwa, kwa kuwa mwanamke mmoja, Frances Kelsey, mchunguzi wa dawa wa serikali, alikataa kutia sahihi mpaka aonyeshwe ushahidi wa kutosha, ijapokuwa wenye kiwanda walimsukuma tena na tena.

Thalidomidi nayo ina mikono miwili. Mwaka 1979 wataalamu wa Ujerumani waliandika kwamba, katika wanyama, mkono wa kushoto ndio uliolemaza watoto tumboni, na kwamba ule wa kuume haukufanya hivyo. Tangu hapo watu husema: laiti wangalizitenga! Vitabu vingi vya shule vimelirudia neno hilo. Lakini si kweli kwamba kutenga kungaliwaokoa watoto wale. Ndani ya mwili wa mtu, mkono wa kuume wa thalidomidi hugeuka kuwa wa kushoto, na wa kushoto kuwa wa kuume, kwa muda wa saa chache tu. Mama angalimeza mkono mmoja safi kabisa, na jioni ile damu yake ingalikuwa na yote miwili. Kilichokosekana katika mwaka 1957 kilikuwa kuichunguza dawa kwa bidii kabla ya kuwapa akina mama wenye mimba.

Mwili hugeuza vivyo hivyo dawa ya maumivu iitwayo ibuprofeni, na hapo twafaidika, kwa maana sehemu kubwa ya mkono usiofaa hugeuzwa kuwa ule ufaao. Hatuwezi, basi, kutunga sheria moja kwa dawa zote. Tangu mwaka 1992 mamlaka ya Marekani huwataka watengenezaji wa dawa mpya waeleze kila mkono unafanya nini, na kama mwili unaugeuza; nchi nyingine zimefuata njia hiyo.

Thalidomidi haikufa. Hutumika hata leo kwa baadhi ya wagonjwa wa ukoma wanaopatwa na vipele vyenye maumivu makali na homa, na kwa ugonjwa mmoja wa saratani ya uboho. Kwa hiyo twasema wazi: mgonjwa wa ukoma asimgawie jirani vidonge vyake, na mwanamke anayeweza kushika mimba asiviguse asipoongozwa na mganga kwa uangalifu mkubwa.

Turudi kwenye chupa ya kikohozi. Sisi wazazi hatuna chombo cha mwanga nyumbani, wala hakuna mtu awezaye kutambua mkono wa dawa kwa kuonja au kunusa. Lakini tunayo mambo ya kufanya. Kwanza, mtoto mwenye mafua ya kawaida mara nyingi hahitaji dawa hiyo hata kidogo. Aliye chini ya mwaka mmoja anyonyeshwe mara kwa mara, asipewe asali. Aliyepita mwaka mmoja apewe kinywaji cha moto chenye asali kidogo. Pili, hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, huenda ana ugonjwa wa mapafu, na hakuna chupa ya sokoni itakayomponya: apelekwe kwa mganga. Tatu, dawa inunuliwe penye mtu anayejibu kwa jina lake na kwa cheti chake, wala isimiminwe katika chupa nyingine isiyo na maandishi.

Na kama mtoto, baada ya kupewa dawa ya kikohozi, anasinzia hata hawezi kuamshwa, au pumzi zake zinakuwa chache na nzito, msingoje kupambazuke. Iko dawa iitwayo naloksoni inayolitoa pepo la morfini katika kufuli lake, lakini sharti ichomwe mapema. Chukueni mtoto, chukueni na chupa yenyewe hata kama imebaki tupu, pamoja na sanduku lake la karatasi. Ile namba ndogo iliyopigwa chini au ubavuni, ambayo hakuna anayeisoma, ndiyo inayomwonyesha mganga chupa nyingine za mpishi ule ule ziko katika nyumba gani.